Israfu Huzaa Deni, na Deni Huzaa Uongo



Wapo watu wema wanaoichunguza dini ya Kiislamu ambao huniuliza: "Maalim, dini na sufuria vinahusiana wapi? Sisi tumekuja kuuliza habari za Mungu, roho na Akhera, nawe unatueleza habari za mkaa na sukari." Swali hili si baya, nalo lastahili jibu. Jibu langu ni kwamba dini isiyofika jikoni haijaingia bado nyumbani. Mtu husimama kusali mara tano kwa siku, lakini mali huitumia kutwa kucha. Ikiwa Mungu ana neno juu ya dakika zile chache za Sala, haiwezekani awe amenyamaza juu ya saa zote zilizobaki.

Kwa hakika hakunyamaza. Katika Sura Bani Israil Mwenyezi Mungu ametukataza kufuja mali, na wale wanaoifuja amewahesabu kuwa wamefanya udugu na mashetani. Na katika Sura hiyo hiyo ametukataza pia ubahili, ili mtu asije akakimbia shimo moja akatumbukia katika jingine. Tena katika Sura Al-Furqan, zinapotajwa sifa za waja wema wa Mungu, imetajwa kuwa ni sifa yao kushika njia ya katikati watumiapo mali, bila kupita kiasi wala kubana. Basi israfu ni ugonjwa, na ubahili ni ugonjwa, na afya iko katikati yake.

Kwa nini dini ilikazanie sana jambo hili? Sababu ni nyingi, lakini mimi leo nataka kueleza moja tu, nayo naiona kuwa nzito kuliko zote.

Dua ya Mtume s.a.w. juu ya deni

Bibi Aisha r.a. amesimulia kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alikuwa akimwomba Mwenyezi Mungu ndani ya Sala amkinge na deni. Alipoulizwa sababu ya kujikinga nalo mara nyingi hivyo, alieleza kwamba mtu akishaelemewa na deni, akisema husema uongo, na akiahidi huvunja ahadi yake.

Tafakari maneno haya, ndugu msomaji. Mtume s.a.w. hakutaja kwanza njaa ya mwenye deni, wala aibu yake mbele ya watu, wala kunyang'anywa vitu vyake. Alitaja ulimi wake. Deni linapozidi nguvu za mtu, kitu cha kwanza linachomnyang'anya ni ukweli. Na mtu asiye na ukweli, imani yake itasimama juu ya nini?

Pengine mtu atapinga na kusema: Je, Mtume s.a.w. mwenyewe hakukopa? Naam, alikopa. Imepokewa kwamba alipofariki dunia deraya yake ya vita ilikuwa imewekwa rehani kwa Yahudi mmoja kwa ajili ya pishi 30 za shayiri, chakula cha nyumba yake. Lakini tazama tofauti. Deni lile lilikuwa la haja wala halikuwa la anasa, na lilikuwa na rehani, hata mkopeshaji hakuwa na hofu ya kupoteza haki yake. Kukopa kwa namna hiyo si dhambi. Linalotuangamiza ni deni linaloingia nyumbani kwa israfu, kidogo kidogo, pasipo hesabu.

Viatu mlangoni

Niliufahamu ukweli wa mafundisho haya katika mji mmoja wa bara nilikopelekwa kufundisha. Palikuwa na ndugu mmoja, fundi seremala, aliyeingia katika dini miaka michache kabla yangu kufika. Alikuwa mtu wa mbele msikitini. Ghafla akaacha kuonekana, Ijumaa ya kwanza, ya pili, hata ya tano. Nikajisemea moyoni kuwa ndugu huyu ameingiwa na shaka katika itikadi. Nilikuwa nimerejea si zamani sana kutoka chuo cha dini ng'ambo, na kichwa changu kilikuwa kimejaa hoja. Nikakesha usiku mzima nikipanga dalili za kumjibu, kisha asubuhi nikaenda kwake.

Nilibisha hodi. Akatoka binti yake, mtoto wa miaka minane hivi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Baba yupo?"

"Baba hayupo."

Alisema hivyo huku ameinamisha uso, na viatu vya baba yake vilikuwa pale pale mlangoni, kati yangu na yeye. Sikusema neno. Nilipogeuka kuondoka, yule ndugu akatoka mbio, maana alikuwa ameitambua sauti yangu. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaniambia, "Nisamehe, Maalim. Nilidhani ni mwenye duka."

Basi haikuwa shaka. Njia ya kwenda msikitini ilipita mbele ya duka alilokuwa akidaiwa, naye hakuweza tena kupita hapo. Alikuwa ameahidi kulipa mara nne, na mara nne hakulipa. Mwisho alimfundisha mtoto wake kusema uongo kwa niaba yake. Hoja zangu zote nilizozikesha hazikuwa dawa ya ugonjwa ule. Nilijifunza siku ile kuwa yampasa mwalimu kuuliza kwanza mtu ameumia wapi, kabla ya kufungua mkoba wa dawa.

Daftari na Aya iliyo ndefu kuliko zote

Tuliketi watatu, yeye, mkewe na mimi, na daftari la shule la yule binti. Nikawakumbusha kwamba Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu haielezi Pepo wala Jahannamu. Imo katika Sura Al-Baqara, nayo yaeleza namna ya kuandika deni: muda wake, mwandishi wake na mashahidi wake. Mwenyezi Mungu hakuona kuwa kalamu na hesabu ni mambo madogo yasiyomstahili. Kwa nini sisi tuyaone hivyo?

Tukaandika kila kilichonunuliwa katika mwezi, kwa kadiri walivyokumbuka. Likadhihirika jambo la kustaajabisha. Mkewe alijua bei ya kila kitu sokoni. Yeye bwana mwenye nyumba hakujua bei ya kitu hata kimoja, ila bei ya sigara. Deni la dukani lilikuwa shilingi 146,000, na hapakuwa na siku moja ambayo mtu angeweza kuionyesha kwa kidole na kusema, "Siku hii ndipo tulipoharibikiwa." Lilijengwa kama kichuguu, punje juu ya punje.

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Methali hii sisi huitumia kwa kuweka akiba, lakini deni nalo hujaza kibaba chake kwa namna hiyo hiyo.

Moto na sufuria

Ngoja sasa nikueleze baadhi ya mambo tuliyoyaona, pengine yatakufaa nawe.

Jambo la kwanza ni moto. Maji yakisha kuchemka hayazidi joto hata ukiuongeza mkaa. Yanazidi kukauka tu. Kwa hiyo chungu kikichemka, punguza moto, ukifunike. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva kwa moto mdogo zaidi kuliko yale yaliyotiwa makavu. Yakisha kuchemka vizuri kwa muda wa nusu saa, sufuria yaweza kuondolewa motoni ikiwa imefunikwa, ikawekwa ndani ya kapu lililojazwa matambara au nyasi kavu, yakaendelea kuiva kwa joto lake mwenyewe. Wakati wa kula yachemshwe tena. Jiko lenye udongo ndani halipotezi joto kama jiko la bati tupu. Na mkaa uliobaki baada ya kupika usiachwe uteketee bure. Uzimwe ndani ya kopo lenye kifuniko, kesho ni moto tena.

Jambo la pili ni kununua. Tuseme robo ya sukari ni shilingi 900, na kilo nzima ni shilingi 3,200. Anayenunua robo nne amelipa 3,600, yaani shilingi 400 zaidi kwa sukari ile ile. Hivyo maskini ndiye anunuaye kwa bei ya juu, kwa kuwa hana fedha za mara moja. Dawa yake ni ushirikiano. Majirani watatu wakichanga wakanunua gunia moja la mkaa wakagawana, kila mmoja amepata kwa bei ya mwenye nacho.

Jambo la tatu ni wingi wa vyakula katika mlo mmoja. Mwaka 1934, huko Qadian, India, Khalifa wa Pili wa Masihi, Hazrat Mirza Bashiruddin Mahmud Ahmad, alipoanzisha mpango wa Tahrik-i-Jadid, aliwataka Waahmadiyya waishi maisha ya kawaida yasiyo na anasa; na katika mambo aliyowataka ni kutosheka na kitoweo kimoja katika mlo. Tajiri na maskini wakawa sawa katika sahani, na kilichobaki kikapata njia ya kuitumikia dini. Angalia kwamba hakuwataka wafe njaa. Aliwataka waache kile ambacho wangeweza kukiacha bila kudhurika.

Maji

Imepokewa katika Hadithi zilizo sahihi kwamba Mtume s.a.w. alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, kiasi kisichofika lita moja, na akaoga kwa pishi moja mpaka vibaba vitano. Kwa kipimo hicho ndoo moja ya lita 20 ingewatosha watu watano kuoga. Mtu anayenunua maji kwa ndoo aifikirie Hadithi hii. Naye mwenye bomba nyumbani asijione hahusiki, maana imepokewa pia kwamba Mtume s.a.w. alimwonya sahaba wake asifanye israfu ya maji katika udhu, hata kama yuko kando ya mto unaotiririka. Israfu basi haipimwi kwa bei ya kitu tu. Hata kilicho bure kina Mwenyewe.

Ghala

Walio mashambani wamepewa mfano ulio bora katika kisa cha Nabii Yusuf a.s. Aliitafsiri ndoto ya mfalme wa Misri, akawashauri watu walime miaka saba, na mavuno wayaache katika masuke yake ila kidogo watakachokula, ili wawe na akiba ya miaka saba ya njaa. Mtume wetu s.a.w. naye, kama alivyosimulia Hazrat Umar r.a., aliwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka. Anayesema kwamba kuweka akiba ni kukosa tawakali hajazisoma habari hizi.

Lakini yapasa kuufuata mfano kwa akili. Ngano ya Misri ilihifadhika katika suke lake. Mahindi yetu yana adui mwingine, yaani dumuzi, mdudu aliyeingia Tanzania kutoka Amerika na kuonekana kwanza katika mkoa wa Tabora karibu na mwaka 1980. Mdudu huyu hustawi zaidi katika mahindi yaliyo bado katika magunzi. Kwa hiyo mkulima wa leo huyakausha vizuri mahindi yake, huyapukuchua, kisha huyatia dawa ya ghala iliyoruhusiwa au huyafungia katika mifuko isiyopitisha hewa. Aliyoyafundisha Nabii Yusuf a.s. ni uangalifu, na uangalifu huvaa nguo ya kila nchi na kila wakati.

Sherehe na matanga

Nyumba nyingi huvumilia njaa mwaka mzima, kisha huanguka kwa siku moja ya harusi. Sare lazima ishonwe, ukumbi ukodiwe, na jirani asitupite. Mtu hukopa ili watu wamsifu jioni moja, kisha hulipa mwaka mzima huku wale waliomsifu wamekwisha sahau.

Na katika msiba ni ajabu zaidi. Hazrat Ja'far r.a., binamu yake Mtume s.a.w., alipouawa katika vita vya Mu'ta mwaka 629, Mtume s.a.w. aliagiza watu wawatengenezee chakula jamaa wa Ja'far, kwa kuwa wamefikiwa na jambo la kuwashughulisha. Hiyo ndiyo Sunna: majirani hupika, wafiwa hula. Sisi tumeigeuza. Mjane hajakauka machozi, naye anatafuta mchele wa kuwalisha wageni wa matanga, na baadaye atalipa deni kwa kuuza cherehani ya marehemu. Ewe uliye jirani, ukitaka kuwasaidia wafiwa kuweka akiba, anza kwa kwenda na chungu chako mwenyewe.

Neno kwa wanaume

Mara nyingi tunapotaja kubana matumizi, macho yetu huwaelekea wanawake. Daftari la seremala lilisema vingine. Sigara tatu kwa siku, kwa shilingi 200 kila moja, ni shilingi 600. Kwa mwezi ni 18,000, na kwa mwaka ni 219,000. Fedha hizo zilizidi deni lote la dukani, nazo zilikuwa zimekuwa moshi.

Palikuwa na jambo jingine alilomficha hata mkewe. Alikuwa akikopa kwa simu ili kumtuliza mwenye duka. Tuseme mtu akope shilingi 20,000 na kurudisha 22,000 baada ya mwezi. Akifanya hivyo mara 10, ametoa shilingi 20,000 za ziada, sawa na ule mkopo wenyewe, na bado anaanza upya kila mwezi. Huo ni mlango wa riba, ambayo Mwenyezi Mungu ameiharimisha, nao siku hizi umewekwa katika mfuko wa shati. Afadhali upatu wa majirani wanaoaminiana, ambapo kila mmoja hupokea kwa zamu yake kadiri ile ile atakayoitoa, bila nyongeza. Au kibubu kilicho chini ya kitanda, kinachotiwa siku ile ile fedha zinapopatikana, kabla ya matumizi mengine kuanza kuziita.

Akiba ni kwa ajili ya nini?

Yule ndugu aliniuliza, "Maalim, je, niache kutoa sadaka mpaka nimalize deni?" Nikamwambia: Lipa haki za watu, lakini mkono usisahau kutoa, hata kama ni shilingi moja, usije ukajifunza kubana ukasahau kufungua. Nikamwambia pia kwamba, kwa mujibu wa Sura At-Tauba, wenye madeni wamo katika mafungu manane ya watu wanaostahili Zaka, na kwamba Kurani Tukufu yaagiza mwenye deni aliye katika dhiki angojewe mpaka apate wepesi. Islam haimdharau mwenye deni. Yamtaka tu aje mlangoni mwenyewe, asimtume mtoto.

Kesho yake tulikwenda pamoja kwa mwenye duka. Alieleza hali yake yote bila kupamba, akaonyesha daftari, akataja kiasi anachoweza kulipa kila mwezi, yaani shilingi 30,000, zikiwa ni zile za sigara pamoja na zilizookolewa jikoni. Mwenye duka alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kama ungenieleza hivi tangu mwanzo, nisingekuja kubisha kwako." Hesabu yetu ilikuwa deni liishe katika mwezi wa tano. Haikuwa hivyo. Mwezi wa tatu mtoto aliugua, fedha zote zikaenda kwa dawa, na mwezi wa nne kazi ilikosekana. Lakini mara zote mbili alikwenda dukani mwenyewe kueleza kabla ya tarehe kufika. Deni lilikwisha mwezi wa saba, na kipato chake hakikuwa kimeongezeka.

Msikitini alirudi Ijumaa ile ile ya kwanza, hali bado anadaiwa. Alipita mbele ya duka, akasalimu, akaitikiwa.

Miezi kadhaa baadaye nilipita kwake tena. Yule binti alinifungulia mlango, akanitazama usoni, na kabla sijauliza akasema, "Baba yupo, ila anakula. Karibu."

Ndugu msomaji, uwe umekwisha ingia katika dini hii au ungali unaichunguza, usingoje utajiri ndipo uanze kuweka akiba. Anza jioni ya leo kwa kukifunika chungu, kwa kuandika mstari mmoja katika daftari, na kwa kuahidi kile tu unachoweza kukitimiza. Huenda usipate mali nyingi kwa njia hii. Lakini mtu akibisha hodi kwako, mtoto wako ataweza kusema kweli.

Mwenyezi Mungu atukinge na israfu na ubahili, atuepushe na mzigo wa deni, azibariki riziki zetu zilizo chache, na azijaalie ndimi zetu na za watoto wetu kuwa ndimi za kweli. Amin.